Heri ya Mwaka Mpya Kila Asubuhi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, wifi na wanangu wote, kuanzia yule mrefu hadi yule wa kunyonya. Natumai barua hii inawakuta wazima, na kwamba mgongo wako umetulia tangu ulipoacha kunyanyua maboksi ya bohari ambayo kuna watu wanalipwa kuyanyanyua. Mimi huku sijambo. Baba naye hajambo, tena hajambo sana, na hiyo ndiyo habari yenyewe, ila usirukie mwisho wa barua. Nakujua wewe. Soma pole pole.

Kabla sijaenda mbali, hicho kidude cheusi chenye miguu kilichodondoka ulipofungua bahasha, usikitupe, wala usimpe mtoto akichezee maana miguu yake inachoma. Nitakieleza zamu yake ikifika.

Najua utauliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Kaka, kwenye simu wewe huniambia nifupishe, na nikifupisha unaelewa unachotaka kuelewa. Juzi nilikuambia mambo huku siyo kama tulivyodhani, ukanijibu sawa, gari linakuja Jumamosi. Basi nimekaa kwenye benchi la Baba, mlango wa karakana uko wazi, mwenyewe ametoka kupeleka mizani ya watu aliyoitengeneza, na kalamu haina mtu wa kuiingilia. Barua nampa dereva wa gari la vifurushi, ikufikie kabla hiyo Jumamosi haijafika.

Turudi nyuma kidogo. Tulikubaliana mimi na wewe, Baba akiwa hana habari, kwamba kichwa chake kimeanza kuchoka. Ushahidi ulikuwa nao wewe. Kwanza ile lebo uliyoibandua kwenye mizani ya duka fulani, lebo ya Baba kabisa, ile anayobandika akishapima mizani, yenye tarehe ya mwaka ambao mimi nilikuwa sijazaliwa na wewe unajifunza kutambaa. Pili, simu zake za asubuhi. Tuko katikati ya mwaka, mvua inanyesha, yeye anakupigia na kukutakia heri ya mwaka mpya. Mara ya kwanza ulicheka. Ya pili ukanyamaza. Baada ya hapo ukawa unampigia wewe kila asubuhi, unamuuliza leo siku gani, mwezi gani, watoto wako wanaitwa nani, halafu unanipigia mimi na sauti ya msibani. Ukasema chumba umeshakipaka rangi, karakana umeshamwahidi muuza magodoro, kilichobaki ni mimi kwenda kumfungia mzee mizigo. Nami nikaitikia. Nikalia kidogo, nikanawa uso, nikabeba maboksi matupu, nikaja.

Karakana iko vile vile, kaka. Mawe ya shaba ya kupimia yamepangwa kwa ukubwa juu ya kitambaa, na ole wako uyaguse kwa vidole vitupu. Kile kigunia cha mchanga cha kujaribia mizani mikubwa kipo mlangoni, na bado watu wanajikwaa. Kompyuta iko pale pale kwenye kona, imekuwa ya rangi ya chai iliyokosa majani, na ile printa ya lebo bado inapiga kelele utadhani inasaga mawe. Baba aliyaona maboksi. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya vitu vyangu vya biashara. Akasema ahaa, akaendelea kufuta miwani yake. Nilijua hakuniamini, ila sikujua ni kwa kiasi gani.

Asubuhi ya kwanza nilikaa nimtazame, kama ulivyoniagiza. Akafungua bawa moja la mlango, akawasha kompyuta, akabonyeza bonyeza, akasubiri. Kisha akanitazama juu ya miwani, akaniambia, kwa uso wa mtu mwenye akili zake timamu, heri ya mwaka mpya binti yangu.

Kaka, nilijikaza lakini wapi. Nikasema naenda kunawa mikono, nikazunguka nyuma kwenye bomba, nikalia hadi kwikwi ikanishika. Nilijiambia kumbe ni kweli, Baba ameondoka na sisi tulikuwa tunangoja nini siku zote hizi. Nikarudi macho mekundu. Nikasingizia sabuni.

Haukupita muda akaingia Bibi Gramu. Humjui, amehamia mtaani baada yako. Ana duka la mchele na sukari ng'ambo ya barabara, na watu wamempa jina hilo kwa kuwa hajawahi kumzidishia mteja hata punje. Kaingia na mizani yake kwapani, na neno lake la kwanza, kabla ya hodi, ni heri ya mwaka mpya fundi. Kisha akanigeukia, akasema heri ya mwaka mpya na wewe mwanangu, naona umenenepa. Nikabaki mdomo wazi. Nilidhani ni ugonjwa, tena wa kuambukiza, umeingia mtaa mzima.

Nadhani sura yangu ilisema yote, maana Baba alianza kucheka kwanza, Bibi Gramu akafuata, wakacheka hadi wakashikana. Ndipo Baba akaigeuza skrini upande wangu. Na hapo, kaka, kwa herufi za kijani, mashine imeandika tarehe mosi Januari, ya ule mwaka wako wa kutambaa. Kila inapozimwa usiku inasahau. Kila inapowashwa asubuhi inadhani dunia imeanza upya. Mzaha wa heri ya mwaka mpya umezaliwa hapo, na wateja wake wote wanaujua, na wanauitikia. Mimi ninayeshika bodi za vyombo vya umeme kila siku ya maisha yangu, nililia bombani kwa sababu ya betri iliyokufa!

Na ile lebo yako? Printa huchapa tarehe ya kompyuta. Baba hairekebishi kwenye mashine, mzaha usije ukafa, bali huikata kwa kalamu na kuandika ya kweli juu yake. Mwenye duka akifuta mizani yake kwa kitambaa kibichi, wino unaondoka, ya uongo inabaki. Basi, hakuna zaidi. Tulimhukumu mzee wetu kwa kitambaa kibichi.

Halafu kuna jambo ambalo sikuliona hadi asubuhi ya pili. Mashine hiyo ikisahau tarehe husahau pia kwamba ina diski. Ili iwake, lazima mtu aiambie diski yake ni ya aina gani, safu ya namba baada ya safu ya namba, na ukikosea moja tu inakataa. Nilimtazama Baba akiziingiza namba zote hizo huku akinisimulia habari ya mteja mmoja mgomvi, bila kutazama karatasi wala kusita. Nikamuuliza ameziandika wapi. Akanigusa paji la uso kwa kidole, kisha akagusa lake. Mimi namba ya simu ya mume wangu mwenyewe siijui kwa kichwa.

Nikaapa kwamba siondoki hapa bila kuitengeneza. Nilijiona fundi kweli kweli. Nikafungua kasha, nikapangusa vumbi, nikakipata kinachohusika. Ni hicho ulichonacho mkononi. Ni chipu ya saa, na betri yake haikuwekwa pembeni kama za mashine nyingine. Imezikwa humo ndani, ikamiminiwa plastiki ngumu juu yake, na chipu yote ikalehemiwa kwenye bodi. Betri ikiisha huwezi kuifungua ukaitoa. Unang'oa chipu nzima na kuweka nyingine, kama unayo nyingine.

Sikuwa nayo. Nilizunguka maduka ya vipuri yote, kuanzia yale yenye vioo hadi yale ya kwenye meza za barabarani. Kijana mmoja aliitazama chipu niliyomwonyesha kwenye picha, akaita wenzake waje waone, akaniambia dada, hii kompyuta ipeleke makumbusho wakupe na cheti. Nikamtukana kwa adabu nikatoka. Siku nyingine nikaenda upande wa pili wa mji, nikarudi mikono mitupu. Kila nikirudi Baba ananingoja na chakula cha mchana kimefunikwa, ananiuliza vipi, nami namwambia bado, naye anasema pole, kaa ule, kesho siyo mbali. Hakuonekana hata kidogo mtu mwenye haraka. Nilidhani ni uvumilivu wa uzee.

Wewe nawe ukapiga, ukasema gari Jumamosi. Hapo nikaona sina muda wa kungoja kuagiza chipu kutoka mbali. Kuna njia ya mkato ambayo mafundi hutumia. Unaichimba ile plastiki pembeni hadi uifikie miguu miwili ya betri iliyozikwa, unaikata, kisha unaunganisha kibetri kipya kwa nje na waya. Baba akasema kuchimba kunahitaji tupa ndogo na mkono mtulivu, akaichukua kazi. Laiti ungemwona! Mkono hautikisiki, anakwangua vumbi jeusi kidogo kidogo, anapuliza, anatazama kwa kioo chake cha kukuzia, anakwangua tena. Upande wake ukatoka safi, mguu wa betri ukang'aa.

Upande wa pili nikautaka mimi. Aliniambia niende taratibu na tupa. Nikamwambia nina keekee ya umeme, hiyo ni kazi ya dakika. Sasa unacheka, najua, kwa sababu unakumbuka redio ya marehemu mama. Keekee ilizama, kitu kikalia tak, na nilipowasha kompyuta skrini haikutoa hata ile tarehe mosi. Giza tupu. Ilikuwa imesahau mwaka, sasa mimi nimeisahaulisha na kuwaka.

Nilikaa chini sakafuni, kaka, kando ya maboksi yangu. Bila kompyuta hakuna lebo, na bila lebo hakuna mwenye duka atakayemletea Baba mizani, kwa kuwa mkaguzi wa vipimo anataka kuona lebo. Nilikuja kumhamisha kwa upole, kumbe nimemfungia karakana kwa mkono wangu mwenyewe, na sasa wewe ukija na gari lako hata sina la kukujibu. Nikamwambia Baba yote. Gari, chumba, muuza magodoro, maboksi. Nililia tena, safari hii bila kusingizia sabuni.

Baba alinyanyuka, akaenda kwenye ile meza ya mawe ya shaba, akavuta mtoto wa meza wa chini kabisa, ule unaokwama. Akatoa kibomba cha plastiki kilichofungwa pande zote mbili. Ndani yake kuna chipu. Nyeusi, mpya, haijaguswa, ina maandishi yale yale kama ile niliyoiua.

Kaka, macho yalinitoka. Nikamuuliza ameitoa wapi. Akaniambia aliletewa na yule wakala wa mizani anayesafiri, mwezi ule ule ambao kompyuta ilianza kusahau. Nikamuuliza kwa nini basi haikufungwa. Kwa nini nimezunguka jua lote hilo, nimechekwa na vitoto vya vipuri, nimechimba, nimeharibu, na yeye anajua ipo. Sauti ilinipanda, sikufichi. Nilimfokea Baba yangu mzazi.

Akaniambia tuifunge kwanza, maneno baadaye. Basi tukafunga. Nikaiyeyusha risasi ya kulehemia mguu kwa mguu na kuinyonya kwa pampu, nikaitoa iliyokufa. Sikuilehemu mpya moja kwa moja. Nililehemu soketi ya kuichomeka, ili siku nyingine atakayefuata aing'oe kwa kidole tu, asihitaji keekee wala machozi. Hofu yangu ilikuwa betri yake nayo imekufa humo kwenye mtoto wa meza kwa kukaa, lakini chipu hizi hutoka kiwandani saa yake ikiwa imelazwa, na betri haianzi kuliwa hadi mtu aiamshe. Tukawasha. Ikawaka! Baba akaingiza namba zake za diski, kisha tarehe ya kweli, kisha saa, akaitazama ile ya mkononi hadi sekunde ikae sawa ndipo akabonyeza. Tukaizima. Tukanywa chai yote, tena kwa makusudi, bila kuitazama. Tukaiwasha. Tarehe ilikuwepo, saa ilikuwa imesogea sawasawa na chai yetu, na diski yake inaijua bila kuambiwa. Nilipiga kelele, Bibi Gramu akavuka barabara akidhani kuna mwizi.

Alipoondoka ndipo Baba aliponieleza, na haya ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Alisema yeye maisha yake yote kazi ni mizani, atashindwaje kujua anapopimwa? Unapomuuliza leo ni siku gani, anasikia unavyoishusha sauti. Unapomuuliza majina ya wajukuu anajua huulizi, unasahihisha mtihani. Angeweza kulimaliza siku ile ile kwa kukuambia kwamba ni mzaha wa kompyuta. Alitaka kukuambia, na chipu ilikuwa imeshafika, na bisibisi ilikuwa mkononi. Lakini asubuhi ile ulipiga wewe. Na kesho yake ukapiga tena. Kabla ya hapo, alisema, ulikuwa unapiga sikukuu hadi sikukuu, unaulizia dawa, unaaga. Sasa unapiga kila siku, na ili umpime unamsimulia mtoto gani kang'oka jino, nani kafaulu, wifi kapika nini, kisha kesho unamuuliza kama anakumbuka. Anakumbuka yote. Anajua jino ni la upande gani. Akaona akiifunga ile chipu saa itakuwa sahihi na simu itanyamaza, akairudisha kwenye mtoto wa meza.

Na mimi je? Nikamuuliza hivyo, bado nina hasira. Akasema kila siku niliyozurura madukani ilikuwa ni siku nyingine ya kula naye chakula cha mchana, na kwamba hakuna aliyemfokea kwa mapenzi namna ile tangu mama aondoke. Akaomba radhi. Akasema hakuwaza kwamba ungefika hadi kupaka chumba rangi na kutafuta mtu wa magodoro. Alipoyaona maboksi alijua mzaha umezidi uzito, ila hakujua aushushe vipi bila kutuaibisha. Hasira yangu iliishia hapo, kaka. Nilimkumbatia hadi miwani ikapinda.

Ameniomba nisikwambie. Nimeitikia kwa kichwa tu, sikutamka, kwa hiyo sijavunja ahadi. Mbele yake wewe unajua jambo moja: kompyuta ilikuwa na betri mbovu, imetengenezwa, na Baba ni mzima. Haya mengine ni yako na yangu.

Leo asubuhi amewasha mashine, ikampa tarehe sahihi, haikumwomba namba hata moja. Akakaa mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefika stesheni mapema. Bibi Gramu akaingia na heri ya mwaka mpya yake, akaiona skrini, akanuna kabisa, akaniambia nimewaharibia. Baba akaitazama simu yake. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, sasa yeye akikupigia wewe atakuwa anakuambia nini. Alipotoka na mizani ya watu nikaitafuta karatasi.

Kwa hiyo nakuomba, kaka yangu mkubwa. Gari la bohari Jumamosi libaki bohari. Njoo wewe, na wifi, na watoto, mkae naye hapa karakanani wajukuu wajikwae kwenye kigunia cha mchanga. Muuza magodoro atafute pengine. Chumba ulichopaka rangi siyo bure, Baba atakuja kulala humo akitaka kutembea, na atarudi kwake akitaka kurudi. Mimi naongeza siku hapa, mume wangu nimeshamwambia, amenuna kidogo lakini anakula.

Hicho kidude kiweke mezani kwako, karibu na simu. Kimeshakufa, ila kilikuwa kinakukumbusha kupiga kuliko mimi nilivyoweza.

Nisalimie wifi, mwambie kile kitambaa alichonipa kimeshashonwa na kimenikaa. Wabusu wanangu, na aliyeng'oka jino mwambie babu anauliza kama jipya limechomoza, upande wa kushoto, chini.

Na asubuhi yoyote simu yako ikilia, ukasikia anakutakia heri ya mwaka mpya, usimuulize leo ni tarehe ngapi. Kompyuta inaijua, yeye anaijua, na wewe unaijua. Mwambie nawe pia, Baba. Kisha msimulie habari za nyumbani kama ulivyozoea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, yule yule wa kuharibu redio,

Waya